Mama ameteleza supamaketi na kuvunjika nyonga: madai yanaanzia wapi, na kijana aliyemsaidia ana haki gani?

Binti wa Ruiru ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaoijua sheria na wa yeyote aliyewahi kupitia jambo kama hili.

Jumamosi iliyopita mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, aliteleza katika tawi la supamaketi moja kubwa hapa Nairobi, akaanguka kwa ubavu na kuvunjika nyonga ya kushoto. Mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia ulikuwa umepasuka kwenye rafu ya chini kabisa, na mafuta yalikuwa yametambaa hadi katikati ya njia ya wateja. Hapakuwa na kibao cha onyo, wala mtu aliyesimama hapo kuwazuia watu wasipite. Kijana mmoja anayepanga bidhaa alikimbia kumwinua, naye akateleza palepale na kuuangukia mkono wake wa kulia. Baadaye tuliambiwa kwamba kifundo cha mkono kimepata ufa.

Mama amefanyiwa upasuaji na bado amelazwa. Meneja wa zamu alitupokea kwa adabu na akatutafutia teksi, lakini siku ya pili alinipigia simu kusema kwamba kampuni iko tayari kulipa bili ya hospitali iwapo mama atatia sahihi karatasi waliyoiandaa. Nilipomuuliza ni nani atakayegharimia mazoezi ya viungo na mtu wa kumhudumia nyumbani, alinikumbusha kwamba mlangoni pana tangazo linalosema kampuni haitawajibika kwa ajali yoyote itakayompata mteja. Aliongeza kwamba mama hakuwa amenunua kitu bado, kwa hiyo hana hata risiti ya kuonyesha kwamba alikuwa mteja siku hiyo.

Kuhusu yule kijana, yeye hakuajiriwa na supamaketi bali na wakala anayewapelekea vibarua. Wakala amemwambia apumzike nyumbani bila malipo hadi apone, na supamaketi inamwambia kwamba yeye si mtu wao. Nimeona si haki tumsahau, maana aliumia akimsaidia mama yangu. Je, kila mmoja wao anaweza kudai, anamdai nani, na tuanzie wapi?

Wakili wa Pwani amejibu:

Pole sana dada, na umfikishie mama salamu zangu za nafuu. Nimewahi kusimamia kesi za aina hii kwa upande wa waliojeruhiwa na pia kwa upande wa kampuni za bima, kwa hiyo nitakueleza namna pande zote mbili zinavyolitazama jambo hili. Nitaanza na mama, kwa sababu njia yake na ya yule kijana ni mbili tofauti kabisa, na watu hupoteza muda mwingi kwa kuzichanganya.

Mama analindwa na Sheria ya Dhima ya Wenye Majengo, Sura ya 34, pamoja na kanuni za jumla za uzembe. Mwenye jengo kwa maana ya sheria hiyo si lazima awe mmiliki wa ardhi. Ni yule anayelidhibiti eneo husika. Supamaketi iliyopanga katika jengo la mtu mwingine ndiyo inayobeba wajibu katikati ya rafu zake, ilhali ngazi na maegesho yanayotumiwa na wapangaji wote yanaweza kuwa chini ya msimamizi wa jengo. Wajibu wenyewe ni kuchukua uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama anapofanya kile alichokaribishwa kukifanya. Mama alikaribishwa tangu alipovuka mlango, kwa hiyo suala la risiti lisikusumbue. Mtu anayetazama bei tu naye analindwa. Tangazo la mlangoni nalo si ngao kamili kama meneja anavyodhani. Sheria hiyo inasema wazi kwamba onyo haliondoi dhima kwa kuwepo kwake tu, isipokuwa kama lilitosha kumfanya mgeni awe salama, na karatasi ya mlangoni haikumwambia mama kwamba kuna mafuta kando ya rafu.

Hata hivyo, kuanguka dukani hakuthibitishi kwamba duka lilikosea. Hapo ndipo madai mengi yanapokufa. Hakimu atataka kujua mafuta yale yalikaa sakafuni muda gani, nani aliyaona au alipaswa kuyaona, na duka lilikuwa na utaratibu gani wa kukagua na kusafisha. Katika mashauri kama haya hutajwa mara nyingi uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza wa mwaka 1976 katika kesi ya Ward dhidi ya Tesco Stores, ambao hauzifungi mahakama zetu lakini husikilizwa kwa heshima. Mama mmoja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika katika duka la kampuni hiyo mjini Liverpool, na hakuwa na njia yoyote ya kuthibitisha kwamba mtindi ulikuwa pale kwa muda mrefu. Kampuni ilieleza kwamba sakafu hufagiwa mara tano au sita kwa siku na kwamba wafanyakazi wameagizwa kusimama karibu na kitu kilichomwagika hadi kisafishwe. Majaji wawili kati ya watatu waliona kwamba ajali kama ile haitokei sakafu inapotunzwa ipasavyo, kwa hiyo ilikuwa juu ya kampuni kuonyesha kwamba ilichukua uangalifu, na ikashindwa. Kilichoisaidia mahakama pia ni ushahidi wa mama huyo kwamba wiki tatu baadaye alirudi katika duka lilelile, akaona maji ya machungwa yamemwagika, na kwa takriban robo saa hapakuwa na aliyeyashughulikia.

Kwa hiyo picha za kamera za usalama ni muhimu kuliko jambo jingine lolote kwa sasa. Zitaonyesha mtungi ulipopasuka, wafanyakazi wangapi walipita pale bila kusimama, na mama alikuwa akitembea vipi. Mitambo mingi hufuta picha za zamani na kurekodi juu yake baada ya siku chache au wiki kadhaa, kwa hiyo usisubiri mama atoke hospitalini. Andika barua kwa meneja wa tawi na nakala kwa makao makuu ya kampuni, taja tarehe, saa na sehemu ya duka, na uwaombe wahifadhi picha za angalau saa mbili kabla ya ajali na saa moja baada yake. Peleka kwa mkono na uhakikishe nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Picha za mama mwenyewe ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ana haki ya kuomba apewe. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayeshikilia taarifa hizo ajibu ombi la namna hiyo katika muda wa siku 7. Wakikataa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Duka lililopokea barua yenye muhuri halafu likadai mahakamani kwamba picha zilifutika litakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Viatu alivyovaa mama usivioshe. Viweke katika mfuko safi, pamoja na nguo zilizoingia mafuta, kwa sababu upande wa pili hupenda kusema kwamba mteja alivaa viatu visivyofaa. Tafuta pia nambari za simu za wateja walioshuhudia, ikiwa mlizipata.

Kuhusu fidia, mahakama hutenganisha mambo mawili. Maumivu, ulemavu na kupungua kwa uwezo wa kuishi kama zamani hukadiriwa kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana. Gharama halisi, yaani hospitali, dawa, usafiri, gongo la kutembelea na mshahara wa mhudumu, lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe kwa risiti. Msiwe na haya ya kumwomba mwenye teksi au mhudumu wa nyumbani aandike na kutia sahihi kila anapolipwa, maana nimeona familia zilizotumia fedha nyingi zikirudishiwa kiasi kidogo kwa sababu ya kukosa karatasi.

Mjiandae pia kusikia kwamba mama hakutazama anapokanyaga. Sheria inaruhusu lawama igawanywe, na hakimu akiona kwamba mdai alichangia kwa kiwango fulani, fidia itapunguzwa kwa kiwango hicho. Mafuta ya kupikia kwenye vigae vinavyong'aa hayaonekani kwa urahisi, na mteja hutarajiwa kutazama bidhaa kwenye rafu, kwa hiyo hoja hiyo ina majibu yake. Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Kesi itaanzia katika mahakama ya hakimu. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na sidhani kama mtavuka hapo.

Jambo la mwisho kwa leo: mkifuatwa wodini na mtu anayesema atawatafutia wakili asiyelipwa chochote ila asilimia fulani ya fidia, mwepukeni. Sheria ya Mawakili hairuhusu makubaliano ya namna hiyo hapa Kenya, na mtu wa kwanza kuumia mgogoro unapozuka baadaye ni mdai.

Afisa Mstaafu wa Usalama Kazini amejibu:

Mwanangu, nashukuru kwamba umemkumbuka yule kijana. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa sehemu za kazi kwa miaka mingi, na wanaopanga bidhaa katika maduka makubwa ni miongoni mwa wale ambao majeraha yao hayaandikwi popote. Mmoja anashusha magunia ya sukari tangu alfajiri, mwingine anapanda rafu kwa kukanyaga kreti za soda kwa sababu ngazi ni moja kwa ghala zima, na akianguka anaambiwa aende nyumbani.

Kijana huyu analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA. Chini ya sheria hiyo hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Inatosha kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Kukimbia kumwinua mteja aliyeanguka dukani wakati wa zamu yake ni sehemu ya kazi kwa kila hali, na sioni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ndiye anayeamua madai haya, akisema vinginevyo. Kutokuwa na mkataba ulioandikwa pia hakumnyimi haki, kwa kuwa makubaliano ya mdomo ya kazi kwa mshahara yanahesabika.

Mwajiri wake kwa maana ya sheria ni yule wakala, kwa sababu mwajiri anayemwazimisha mfanyakazi wake kwa mtu mwingine anaendelea kuwa mwajiri. Wakala alipaswa kuwa na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake wote, na anapaswa kuitaarifu Idara ya Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7 tangu alipojua kuhusu ajali, kwa kujaza fomu ambayo sehemu yake ya pili hujazwa na daktari. Kijana aandike taarifa fupi ya ajali leo, hata kwa mkono wa kushoto au kwa kuandikiwa na mwenzake, ampe wakala na abaki na nakala. Wakala akikaa kimya, aende mwenyewe katika ofisi ya kaunti ya idara hiyo akiwa na karatasi za hospitali na ushahidi wowote wa malipo ya mshahara, hata ujumbe wa M-Pesa. Madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12, lakini mimi nimeona kwamba mwezi wa kwanza ukipita bila maandishi, mashahidi wenyewe wanahamishiwa matawi mengine.

Anastahili nini? Gharama za matibabu ni za mwajiri. Kwa muda ambao hawezi kufanya kazi kabisa, ikiwa ni siku 3 au zaidi, anastahili malipo yanayolingana na mapato yake hadi kufikia miezi 12, kwa hiyo kumwambia apumzike bila malipo ni kinyume cha sheria. Mkono ukibaki na udhaifu wa kudumu, daktari atakadiria asilimia ya ulemavu na fidia itahesabiwa kwa sehemu ya mapato ya miezi 96. Bima au mwajiri anatakiwa kulipa katika siku 90 tangu madai yalipowasilishwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi hupeleka pingamizi kwake ndani ya siku 60, na kutoka hapo rufaa huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Watu wengi bado wanadhani kwamba mfanyakazi anaweza kwenda moja kwa moja mahakamani kumshtaki mwajiri wake. Mlango huo ulibishaniwa kwa zaidi ya miaka 10, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba utaratibu wa kupitia kwa Mkurugenzi ni halali chini ya Katiba. Lakini hapa hali ya kijana ina upekee. Supamaketi si mwajiri wake, na wao wenyewe wamekwisha kumwambia hivyo! Kwa hiyo, pamoja na kudai WIBA kwa wakala, hakuna kinachomzuia kuishtaki supamaketi kwa uzembe kama mgeni mwingine yeyote aliye halali ndani ya jengo lao. Hatalipwa mara mbili kwa jeraha lile lile, kwani kinachopatikana upande mmoja huzingatiwa upande wa pili, ila ana milango miwili. Kama meneja alitamka maneno hayo kwa ujumbe wa simu, auhifadhi.

Nami niongeze kwa upande wa mama: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sakafu za sehemu ya kazi ziwe huru kutokana na vizuizi na vitu vinavyoweza kumtelezesha mtu, na sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama. Wakili wenu aombe kumbukumbu za kamati hiyo, ripoti ya ukaguzi ya kila mwaka na daftari la usafi. Daftari la usafi ulitazame kwa makini. Nimewahi kuona kurasa zilizotiwa sahihi za siku nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, huku aliyetia sahihi akiwa kwenye zamu ya usiku.

Mkazi wa Temeke amejibu:

Poleni sana jirani zetu. Huku Tanzania upande wa mfanyakazi umepangwa tofauti kidogo, na naandika kwa ajili ya wasomaji wa huku. Tangu mwaka 2015 waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na mfanyakazi aliyeumia hulipwa na mfuko huo badala ya kutegemea bima ambayo kila mwajiri amejinunulia mwenyewe. Mchango ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Faida yake ni kwamba kijana kama huyu asingeachwa katikati ya watu wawili wanaorushiana mpira. Swali lingekuwa tu ni nani mwajiri anayepaswa kutoa taarifa kwenye mfuko. Kwa mteja, hata huku anayedai kwa uzembe anakwenda mahakamani, na muda wa madai ya madhara ni miaka 3 vilevile.

Binti wa Ruiru ameandika tena:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Barua ya kuhifadhi picha imepelekwa leo na nakala yangu ina muhuri. Kijana naye ameandikiwa taarifa yake na ndugu yangu, na ameipeleka kwa wakala.

Bado nina mashaka mawili. Hospitali inadai malipo kabla ya mama kuruhusiwa, na meneja amepiga tena kusema kwamba ofa yao itafungwa Ijumaa. Je, tukubali fedha hizo? La pili, kaka yangu anapendekeza tusubiri mpaka mama apone kabisa ndipo tufungue kesi, nami naogopa, kwa sababu tumeona maduka makubwa yakifilisika.

Wakili wa Pwani amejibu:

Nitumie picha ya karatasi hiyo kwa ujumbe wa faragha, ukiwa umefunika majina. Kama ina maneno yanayosema kwamba malipo hayo ni ya mwisho na kwamba mama hatadai kitu kingine chochote kutokana na ajali hiyo, asitie sahihi. Mahakama zetu huheshimu makubaliano ya namna hiyo isipokuwa pale palipokuwa na udanganyifu au shinikizo lisilo la haki, na kulithibitisha hilo ni safari nyingine ndefu. Mama bado yuko katika dawa za maumivu, na hakuna daktari aliyekwisha kusema atatembea vipi baada ya miezi sita. Hakuna anayeweza kujua leo anauza nini.

Kukataa karatasi hakulazimu kukataa fedha. Mwandikieni meneja kwamba mko tayari kampuni ilipe hospitali moja kwa moja, bila wao kukiri kosa na bila mama kuachilia haki zake, na kwamba kiasi kitakacholipwa kitaondolewa katika gharama atakazodai baadaye. Kampuni nyingi zenye bima hukubali mpango huo zinapoona kwamba mnajua mnachokifanya. Wasipokubali, kopeni au changisheni, na mtunze risiti.

Kuhusu kusubiri, wote wawili mna sehemu ya ukweli. Ripoti ya daktari inayofaa kwa kesi hutolewa hali ya mgonjwa inapotulia, na kwa nyonga ya mtu wa umri huo hiyo inaweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hiyo si lazima mkimbilie mahakamani wiki ijayo. Barua ya madai kutoka kwa wakili, hata hivyo, iende mapema, ili kampuni iijulishe bima yake wakati mkataba wa bima bado unairuhusu. Hofu yako ya kufilisika ni ya kweli. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt iliwekwa mwaka 2018 chini ya msimamizi, yaani mtu anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Kampuni inapokuwa chini ya msimamizi, kesi dhidi yake haziendelei bila kibali chake au cha mahakama, na aliyejeruhiwa husimama katika foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki. Ndiyo maana katika barua hiyo ya kwanza wakili wenu aulize jina la kampuni ya bima iliyobeba dhima ya tawi hilo na nambari ya mkataba wake. Wanaweza wasijibu, lakini swali likiulizwa mapema huwa rahisi kulifuatilia kuliko likiulizwa baada ya milango kufungwa.

Yule kijana atafute wakili wake mwenyewe kwa madai dhidi ya supamaketi, asitumie wa mama. Atakuwa shahidi muhimu wa upande wenu, na ni bora ushahidi wake usionekane kuwa na mkono wa wakili yuleyule.